Unga Nilioufagia

Kalamba, Jumapili

Kwako Shangazi Kalunde, huko Mutomo,

Huku mvua bado, lakini mbuzi wako amezaa mapacha. Babu ameanza kunywa uji, ila hakumbuki aliyempiga.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu nitalia. Asubuhi ile tulipomkuta Babu ameanguka kando ya mashine ya kusaga, unga ulikuwa umemwagika sakafuni, na juu yake alama za viatu vidogo vyenye soli za mistari. Babu alipopelekwa hospitali, Mama akasema watu wa kanisa wanakuja kuomba nasi. Nikafagia, nikaosha kwa maji, nikapangusa damu mlangoni, kama tunavyofanya wageni wakija.

Polisi alipofika alitazama sakafu inavyong'aa. "Sasa nipime nini, msichana? Ufagio? Mngefunga mlango tu, mkae nje, mtungoje."

Wakamchukua mwanao Mbaluka, wakamfungia kituoni, kwa kuwa ndiye huendesha mashine.

Shangazi, Mbaluka huvaa sandali za tairi, na mguu wake ni mkubwa. Zile alama hazikuwa zake. Nilijua, nikanyamaza siku sita kwa aibu, maana hapa nyumbani mimi ndiye huitwa msomi.

Leo nimemwambia Mama. Hakunigombeza, alikaa tu chini. Kesho tunaenda kituoni niandikishe nilichokiona, ingawa sijui kama watamwamini aliyefagia. Njoo unikaripie mwenyewe, lakini kwanza mpitie mwanao, umpelekee blanketi.

Mimi niliyekukosea,
Kanyiva