Mama mkwe kanipokonya mazoezi ya ofisi

Mela, uko wapi? Leo nimeaibika, na bado nacheka peke yangu!

Yale mazoezi ya Ijumaa niliyowapangia wafanyakazi hapa Biharamulo? Mwalimu kaja na spika, muziki unalia, uwanjani tupo mimi na yeye tu! Wenzangu wote wamejificha stoo. Na bosi anatuchungulia dirishani, bosi yuleyule aliyeapa kuufuta mpango wasipotoka leo.

Mara akaingia mama mkwe, kaniletea funguo nilizosahau. Si unamjua Mama Auleria, mgambo wa Nyakahura wakati wa vita vya Kagera? Akanyoosha mpaka stoo. "Wanangu, kwani nyinyi mnapenda nini?"

Mela, mimi sijawahi kuwauliza. Sijawahi!

Scholastika wa mapokezi akajibu, "Shikamoo mama. Kurukaruka mbele ya wateja tunaona haya. Kukimbia tukiimba tungependa."

"Marahaba. Basi twendeni nyuma ya ghala."

Akaanzisha mchakamchaka, ule wao wa enzi za ujamaa, wa alfajiri kabla ya shamba la kijiji. Yeye kakaa kwenye kigoda anapiga makofi na kuita, wao wanaitika na kuzunguka ghala. Hata bosi kavua tai, kaungana nao!

Sasa kila Ijumaa ni ya Mama Auleria, bosi kasema. Nikashusha pumzi.

Wakati wa kuondoka mama mkwe akaninong'oneza, "Ijumaa ijayo utakimbia mbele kabisa, mwanangu. Leo mzunguko wa pili nilikuona ukiingia stoo."