Ile Lenzi Yako Isiyovuta

Mume wangu mdogo Festo,

Kamwene. Kama umeshasahau kuitikia salamu ya kwetu, basi Mbeya imekumaliza.

Wewe mtoto una roho ya namna gani? Tangu uondoke hapa mahindi yamepandwa, yamepaliliwa, yamevunwa, yamesagwa na tumeyala, wewe hujakanyaga. Iringa na Mbeya ni basi moja tu. Unapanda asubuhi, jioni unakula ugali wangu. Nilikuozesha nafsi yangu ungali unatambaa, nikakuita mume wangu mbele ya watu wote, na sasa mume mwenyewe namsikia kwenye simu tu, tena inakatika.

Anayeniandikia ni mama mchungaji. Mimi darasa sikulijua, unajua hilo. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinirembee. Ukishaisoma, wasomee na wenzako wa lile kundi lenu la wapiga picha, maana na wao wana mabibi.

Unakumbuka ulipokuja mara ya mwisho? Ulikaa barazani na simu, sauti za watu zinatoka humo kama kuna msiba. Mimi nachambua mboga, nasikia, "Oya, wametangaza! Mmeona bei?" Mwingine anajibu, "Hiyo si bei ya lenzi, hiyo bei ya kiwanja Uyole!" Mwingine akasema hao waliotengeneza wanadhani ninyi wote mnapiga harusi za mawaziri. Akatokea mmoja mbishi, anasema kitu ni chepesi, kikali, kinaona gizani, anayelialia hana kazi huyo. Wakamrukia wote. Wewe umeshika kichwa.

Mimi nikasikia ulanzi. Nikasema moyoni, jamani, ulanzi wetu huu wa kugema kwenye mianzi, umefika huko kwa bei ya kiwanja? Nikakuambia, "Mwanangu usilie, mzee jirani anao, ndoo nzima anakupa." Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukanionyesha ile kubwa kwenye simu, ukasema, "Bibi, lenzi, siyo ulanzi. Hii inavuta. Nasimama mlango wa kanisa, namvuta bibi harusi kule madhabahuni, naona mpaka chozi."

Niliwaelewa kilio chenu, usidhani nawacheka. Na sisi wakitangaza bei ya mbolea tunafanya hivyo hivyo. Tunakwenda dukani, tunautazama mfuko, tunautukana, tunarudi nyumbani. Kesho tunakwenda tena kuutazama. Lakini mvua ikinyesha tunapanda, hata kama ni kwa samadi. Hakuna anayeiambia mvua isubiri.

Sasa wewe unaiambia isubiri. Kila nikikuuliza unakuja lini, unasema, "Bibi, nikipata lenzi mpya nitakuja nikupige picha ya maana." Picha ya maana. Na ile ya ukutani ilikuwa ya nini?

Siku ile ulikuwa na kamera uliyoinunua mkononi kwa mtu, na hiyo lenzi fupi kama kikombe cha chai. Nilikuwa napukuchua maharage. Nikakuambia nipige ukiwa hapo hapo mlangoni, nisije nikakuchafua na maganda. Ukasema, "Haivuti hii, Bibi. Hii lazima uende mwenyewe." Ukasogea, ukasogea tena, ukapiga magoti mpaka magoti yetu yakagongana. Nikakuuliza, "Unanipiga picha au unanitoa funza?" Hapo ndipo ulipobonyeza. Mdomo wazi, pengo linaonekana, ganda la haragwe limenata shavuni. Watu wakija wanaitazama hiyo kabla hawajanisalimia.

Najua ni picha gani unayoitaka. Ni ile itakayobebwa mbele ya jeneza. Wewe unaona haya kuitaja, mimi sioni. Basi beba hiyo ya maharage. Watu wacheke kidogo njiani.

Ila mimi mwenyewe sasa siioni. Hilo ndilo nililokuwa sikuambii kwenye simu. Naona fremu, naona kitu cheupe ndani, kama mtu amesimama kwenye ukungu wa asubuhi. Juzijuzi nilimsalimia jirani kwa heshima zote, kumbe ni koti lake limeanikwa.

Baba yako mdogo akanipeleka mjini hospitali. Daktari, kijana wa rika lako, akanimulika akasema, "Bibi, ni mtoto wa jicho. Tutamtoa, tutakuwekea lenzi mpya." Festo, nilisimama. Nikachukua kitenge changu, huyo naondoka. Nesi ananikimbilia, "Bibi, unakwenda wapi?" Nikamwambia, "Nyumbani. Hiyo lenzi mjukuu wangu wa Mbeya ameshindwa, na kundi lao zima limelia, mimi nitaipata wapi?" Benchi lote likaangua kicheko. Yule nesi akanirudisha, akaniambia ya jicho ni nyingine, ndogo kama punje ya dengu. Kulipia tumeshajipanga, shilingi yako siitaki.

Ninachotaka ni mtu wa kunishika mkono kwenda na kurudi. Baba yako mdogo yupo, lakini uso wake naujua, hata gizani nitauchora. Wako ndio unaonitoroka. Usiku nikilala naujaribu: pua ya babu yako, hiyo ninayo. Macho sina. Nikiyatafuta napata yale ya utotoni, na wewe sasa ni mwanamume mzima. Naogopa kufunguliwa jicho jipya halafu kitu cha kwanza kukiona kiwe ukuta wa hospitali.

Hiyo lenzi yenu itashuka bei au haitashuka, mtajuana wenyewe. Siku ukiinunua nitafurahi, nitakupikia kuku. Lakini usinivute kutoka Mbeya, mimi sivutiki.

Tarehe ya hospitali mama mchungaji anaiandika huko nyuma ya karatasi, kwa herufi kubwa usiseme hukuiona. Fika jana yake. Nyoa ndevu, nataka uso, sitaki kichaka. Njoo na ile lenzi fupi. Na nesi akianza kufungua bandeji, usinisimamie mlangoni kama mgeni. Sogea, piga magoti, uje mpaka magoti yetu yagongane, ndipo nitafumbua.

Ni mimi bibi yako,
mkeo wa kwanza.