Mwenye Nyimbo

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na goti lako liwe limepoa. Huku tunaendelea. Mama anakula vizuri, ila masikio yamezidi kuwa mazito. Jana nilimwuliza kama amelala salama, akanijibu kwamba chumvi ipo kabatini. Mimi sina homa wala kikohozi, lakini moyo hautulii, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu ningeishia njiani.

Kituo chetu kinakwenda. Tangu kanisa la zamani lilipogeuzwa kuwa kituo cha kumbukumbu za dini, wageni hawazidi kumi kwa wiki, lakini wanakuja. Mabenchi tumeyasogeza ukutani, na chumba alimokuwa akivalia mchungaji kimepakwa rangi kwa ajili ya daftari la nyimbo la marehemu baba. Mwenyekiti wa kamati anasema kibao chenye jina la baba kimeshafika, na kwamba hotuba utakayosoma Jumamosi ijayo ukifungua chumba hicho imemtoa machozi.

Sasa nikueleze lililotokea. Jumanne ya wiki iliyopita aliingia bibi mmoja mwenye fimbo, fundi cherehani wa ng'ambo ya mto. Nilimzungusha kama wageni wengine. Tulipofika kwenye kabati la kioo nikaanza maelezo yangu ya kila siku, jinsi mwalimu wa kwaya, baba yetu, alivyotunga nyimbo arobaini na moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama najua kwa nini wino wa wimbo wa tisa umechuruzika. Nikasema labda ni mvua. Akasema si mvua, ni maziwa; alikuwa akimnyonyesha kifungua mimba wake huku anaandika.

Nilitaka kuamini kwamba ni uzee. Nikamwomba aniimbie wimbo wowote wa humo ambao haukuwahi kufundishwa. Akafumba macho akaimba wa thelathini na tatu, beti zote nne, nami nimefungua kabati nafuatisha kwa kidole. Kwenye ubeti wa tatu aliimba neno moja tofauti. Nilipoinamia karatasi nikaliona neno hilohilo, limefutwa kwa kalamu ya baba na lingine kuandikwa juu yake.

Alinieleza kwamba siku hizo yeye alikuwa akifagia kanisa. Alimpa baba daftari amsahihishie, na kwa kuwa wazee wa kanisa wasingeimba nyimbo za mfagiaji, baba akazifundisha kama zake, akimwahidi kwamba siku moja atasema. Siku hiyo haikufika. Nilimwuliza anataka nini, maana mawazoni nilishajiona mahakamani. Akasema, "Sitaki kumvua baba yenu nguo. Nataka nisikie jina langu likisomwa humu ndani nikiwa hai."

Tangu hapo, mlango ukilia nashtuka. Nilimdokeza mwenyekiti. Akanishauri tunyamaze mpaka sherehe ipite, kwani bibi ana miaka themanini na sita na subira huvuta heri. Nilielewa ni heri gani anayoisubiri.

Kaka, lililoninyima raha si kwamba bibi amenishangaza. Nilijua kabla hajaja. Miaka mitatu iliyopita, tulipopanga vitu vya baba, wewe ulikuwa umetoka na mama nami nikalitoa daftari sandukuni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la yule bibi, na chini yake, kwa mwandiko wa baba, neno moja: "Nimrudishie." Nikaukata kwa wembe na kuuficha. Nilijiambia nalinda heshima ya baba. Ukweli ni kwamba kamati ilikuwa ikitafuta msimamizi wa kituo, na mtoto wa mtunzi alikuwa na nafasi kubwa kuliko mtoto wa mwalimu wa kwaya tu. Wewe umeandika hotuba yako juu ya uongo wangu, na hukujua.

Leo asubuhi nimeubandika ukurasa mahali pake na kumwarifu mwenyekiti. Hajanijibu, na huenda Jumatatu nisiwe na kazi. Kisha nimevuka mto kumwomba bibi msamaha. Hakusimamisha cherehani; alinisikiliza huku anamalizia mkono wa gauni. Mwishowe akasema amesamehe, na Jumamosi atakuja, kwa sharti moja: jina lake ulisome wewe, kwa sababu amesikia una sauti ya baba, na ni sauti hiyo iliyomwahidi.

Ukikasirika una haki. Ila usiache kuja. Mama sijamwambia, nakusubiri tumwambie pamoja. Picha ya ukurasa ule nimeitia ndani ya bahasha hii. Jina ni refu kidogo, lijaribu mara mbili tatu kabla ya siku yenyewe.

Msalimie shemeji, na wabusu watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako aliyekukosea,
Kitindamimba