Mellen Nyaboke na Paa la Lambwe

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke, na huku Kehancha watu bado wanatusimamisha njiani wakituonyesha ukuta: "Hii alichora mama yenu."

Ulikuwa msanifu majengo kwa miaka thelathini na miwili. Kazi yako ya kwanza ilikuwa kupima hospitali ya zamani ya misheni, iliyochorwa na Mskoti mmoja zaidi ya miaka mia iliyopita. Ulirudi umejaa chokaa mpaka kwenye nyusi, unacheka. Kuta nene, veranda pana, madirisha yanayotazamana ili hewa ipite. "Yule mzee alilijua jua letu," ulikuwa ukisema, kama vile mlisoma pamoja. Tangu hapo kila zahanati na kila shule uliyochora, kuanzia Ogwedhi hadi ziwani, ilikuwa na mahali pa kivuli pa watu kusubiri.

Penseli uliichomeka kwenye nywele, kisha ukaitafuta nyumba nzima. Ijumaa jua likishuka ulikunja ramani. Hata mteja angepiga simu mara kumi, Sabato ilikuwa Sabato.

Lakini tunalosimulia zaidi ni la Lambwe. Upepo uling'oa paa la shule uliyoichora, siku ya Jumapili, watoto wakiwa makwao. Kwenye mkutano wa wazazi lawama zote zikamwangukia fundi Wangwe. Mwenyekiti akataka afukuzwe. Wewe ulikuwa umeshaipitia ramani yako upya, ukasimama.

"Wangwe alijenga nilichochora. Vyuma vya kushikilia paa niliviweka vichache. Kosa ni langu."

Tulikuwepo, Mama.

Mzazi mmoja, Bathsheba, akauliza, "Sasa utatusaidiaje?"

"Shule ikifunguliwa, paa litakuwa juu."

Likizo yote ulishinda huko na Wangwe. Mvua ziliporudi na upepo wake, ulipanda bodaboda hadi Lambwe, ukaketi dawati la nyuma, ukasikiliza mabati. Mwalimu akakuuliza umefuata nini. "Nimekuja kusoma," ukamwambia. Paa halikutikisika. Tangu siku hiyo Wangwe hakumjengea msanifu mwingine, na kaburi lako alilijenga peke yake, hakutaka msaidizi.

Nyumba za watu ulizimaliza. Yetu uliiacha bila jiko la ndani, tukipikia kwenye kibanda, Baba akikungoja miaka kumi na mmoja. Mwezi wa nane tulikuta mchoro wa jiko hilo kwenye droo yako, umekamilika, na Wangwe akalijenga. Asubuhi jua linaingia mpaka kwenye sufuria. Baba, ambaye hakuwahi kushika mwiko, sasa anatupikia uji humo kila siku. Anautia sukari kupita kiasi. Tunakunywa, na tunaomba tuongezwe.

Tunakukumbuka kwa shukrani: mumeo Kerosi, watoto wako Lynnet na Bravin, dada yako Nyatichi, na wajukuu wote.

Maadamu tunaishi, Mama, hutasahaulika.