Akina Mama wa Tanga Walipomtunza Miss Nomsa

Jumamosi, jioni. Mvua ya radi imepita kama mgeni mwenye haraka, nami nimetia miguu kwenye beseni la maji moto. Miguu imevimba. Kichwa nacho kimevimba, ila hicho ni kwa fahari.

Mwenye nyumba wangu hapa mtaa wa Observatory ni Miss Nomsa. Ukimwita bibi, haitiki. Ujanani alikuwa nyota wa filamu, akiigiza mwimbaji wa klabu mwenye gauni la kumetameta ambaye wanaume walimvulia kofia. Enzi za ubaguzi wa makaburu, sinema za mjini zilibandika sura yake mlangoni, lakini yeye mwenyewe, kwa kuwa mweusi, hakuruhusiwa kuingia. Basi siku moja akasimama nje, chini ya picha yake, akawawekea watu saini mpaka polisi wakaja.

Leo ukumbi mmoja wa Yeoville umeonyesha filamu yake. Alikubali kwenda kwa sharti: tukae nyuma, gizani, tuondoke kabla taa hazijawashwa.

"Wakiniona mimi, watamsahau yule wa kwenye filamu," alisema.

Niliahidi kunyamaza. Mimi, na mdomo wangu huu.

Niliwaalika shoga zangu wa Hillbrow, wenzangu wa kutoka Tanga, bila kuwaambia kuwa mwenyewe atakuwepo. Mambo yakaenda vizuri mpaka Miss Nomsa wa kwenye kioo cha sinema alipoanza kuimba. Sasa sisi watu wa taarabu, mwimbaji akikukuna roho hukai. Unainuka, unakwenda ukicheza mpaka mbele, unamtunza: unamtia noti mkononi. Mwanahamisi, muuza chapati, akainuka na noti yake. Wenzake wakamfuata msururu, mabega yakicheza, vigelegele juu.

Wakafika mbele. Noti hewani, hakuna pa kuitia.

Ukumbi ukaangua kicheko. "Mama, ile ni picha, haiko mutu!" akasema Mkongo mmoja.

"Najua, baba," Mwanahamisi akajibu bila kugeuka. "Lakini si ameimba? Nirudi nayo nyumbani?"

Miss Nomsa, asiyejua neno la Kiswahili, akanivuta mkono. Wanafanya nini wale? Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: wanakutunza wewe, wanatafuta mkono wa kuupa.

Akaniachia mkono. Nikadhani ameudhika.

Kisha akashika fimbo yake, akasimama, akateremka taratibu katikati ya viti, kidevu juu, kwa mwendo uleule wa kwenye kioo. Mwanahamisi akamtazama wa kule, akamtazama wa huku, akamkabidhi noti kwa mikono miwili na goti chini.

Kicheko kikakatika. Ukumbi mzima ukasimama. Taa ziliwashwa na Miss Nomsa hakuondoka; mimi ndiye niliyembembeleza twende, njaa inaniuma.

Sasa namsikia sebuleni akiongea kwa simu. Anauliza filamu itaonyeshwa lini tena, na safari hii anataka kiti cha mbele. Nami nimeagizwa nimshonee gauni jipya, refu, la kumetameta. Nimeitikia kabla sijafikiri. Mimi, fundi wa kupunguza suruali, kwa cherehani inayokohoa, nimvishe nyota wa filamu?

Nitaanzia wapi, mabegani au kiunoni?