Ubeti Uliokosa Nafasi kwenye Santuri

Kianda, Kibera
7 Machi 1994

Mpendwa Mjomba Shivachi,

Salamu nyingi kutoka Kianda. U mzima? Mgongo umekuacha, ama bado unainama kutengeneza viti vya watu kutwa nzima? Sisi tu wazima, Mama pia, ingawa hajui nakuandikia.

Mjomba, kaa chini kwanza. Kwaya yetu inarekodi! Albamu nzima, kaseti ya dakika sitini, na picha yetu mbele! Jumamosi tunaingia studio ya Kagiri, hapo kwenu Kawangware. Nyimbo ni sita. Najua wewe uliyewahi kutoa santuri utauliza kama zinatosha. Zinatosha! Jumapili mbili nimekaa kanisani na saa mkononi nikipima. Wimbo wa sadaka peke yake ni dakika kumi na tisa. Jumla ni saa moja na dakika nne, hata nahofia tutalazimika kupunguza.

Barua anakuletea Ndeti, mwimbaji mwenzetu anayefanya kazi huko kwenu. Mpe majibu.

Mpwa wako,
Filister


Kawangware
9 Machi 1994

Kwa mpwa wangu Filister,

Salamu zako nimezipokea nikiwa na misumari mdomoni, nusura nimeze mmoja kwa furaha. Mgongo upo tu, tumezoeana. Nawe kifua kikoje? Usinywe maji baridi wiki hii!

Hongera, mwanangu. Ila nina swali. Wimbo wa sadaka huisha saa ngapi? Nijuavyo, huisha mtu wa mwisho akishatoa na kurudi kukaa. Sasa huko studio, nani atapanga foleni? Pima tena, na upime chumbani, bila watu. Fanya hivyo kabla ya Jumamosi, tafadhali.

Mjomba wako,
Shivachi


Kianda, Kibera
14 Machi 1994

Mpendwa Mjomba,

Habari za siku? Mimi ni mzima wa mwili tu. Barua yako ililala kwenye koti la Ndeti, akanipa jana, Jumapili, baada ya maafa.

Wimbo wa sadaka, Mjomba, ni dakika tatu na nusu! Tuliimba beti zote, tukaangaliana, hakuna kikapu, hakuna mama wa kurudi kutafuta chenji, tukanyamaza. Nyimbo zote sita zilitoka dakika ishirini na nne. Kagiri akavua spika za masikioni, akacheka mpaka akashika meza. "Siste," akaniambia, "kaseti iko na side mbili. Mtu akinunua albamu anataka nyimbo kumi hivi, na kila side ikaribie nusu saa. Akigeuza side B apate kimya, anairudisha dukani. Nyinyi mko na side moja, na hata hiyo haijajaa!"

Ametupa mpaka Jumamosi ya tarehe 26. Tusipojaza, nafasi yetu inakwenda kwa kwaya ya Riruta, nasi tungoje mwakani. Watu wamekwisha kushona sare, Mjomba! Nyimbo zetu tunaziongeza beti, upande A utafika dakika ishirini na nane. Upande B ni mtupu.

Nakuomba uje na gitaa lako. Nyimbo nne tu, sisi tukuitikie. Mchungaji amekubali, mradi hazitaji pombe. Na usiache ule wa santuri ambao wazee wa nyumbani bado wanauimba. Mbona Mama akiusikia hutoka nje? Nimemuuliza, hasemi.

Mpwa wako mwenye haraka,
Filister


Kawangware
16 Machi 1994

Filister mwanangu,

Natumaini umelala usingizi tangu uniandikie. Mimi sijalala vizuri, na si mgongo.

Nyimbo tatu nakupa kwa moyo wote. Ule wa santuri hapana. Umeuliza sababu, nikueleze.

Mwaka 1967 santuri ilibeba dakika tatu kila upande, basi. Wimbo wangu ulikuwa mrefu kuliko hapo. Kwetu ukiimba unataja watu wako na kuwasifu, na ubeti wa mwisho nilimwekea dada yangu Kavetsa, mama yako, aliyeuza kuku wake wa mayai nikanunua nyuzi za gitaa. Nilipomaliza kusifu baiskeli yangu, mtu wa studio akainua mkono. Muda umeisha. Nikanyamaza.

Mama yako alikuwa ametangaza kijiji kizima kwamba jina lake linatoka Nairobi. Wakajaa uani kwa mwenye gramafoni. Wakasikia marafiki zangu, wakasikia baiskeli, sindano ikaanza kukwaruza. Watu wakacheka, na mimi, mjinga, nikacheka nao. Tangu siku hiyo tunaonana matangani tu, tunasalimiana kwa mkono na kuachana. Naona aibu kuimba wimbo huo.

Mjomba wako,
Shivachi


Kianda, Kibera
18 Machi 1994

Mjomba!

Umeamkaje? Leo salamu ni fupi, nitakulipa nyingine. Jana tukichambua maharagwe nilimuuliza Mama kuhusu baiskeli. Aliendelea kuchambua mpaka sufuria ikajaa, kisha akasema, "Baiskeli iliingia. Mimi nikabaki nje." Alikuwa na machozi, Mjomba. Miaka ishirini na saba!

Sasa nijibu jambo moja tu. Wimbo huo mzima, na ubeti wake, ni dakika ngapi? Nyimbo zako tatu nikizipa dakika saba saba, zinabaki kama nane upande B. Hakuna wa kukuinulia mkono! Na bila wimbo huo tuna tisa, Kagiri ameshasema anataka kumi.

Filister, mpwa wako


Kawangware
22 Machi 1994

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi vidole vimevimba, maana nimelishika gitaa siku tatu mfululizo na wateja wa viti wananinunia.

Nimeupima chumbani, mlango umefungwa. Dakika nane kasoro kidogo. Nakuja Jumamosi! Ila nimeupanga upya: ubeti wa Kavetsa ndio wa kwanza. Mkanda ukiisha, baiskeli ndiyo ibaki nje.

Usimwambie kitu kabla hajasikia. Naogopa, Filister.

Mjomba wako,
Shivachi


Kianda, Kibera
29 Machi 1994

Mpendwa Mjomba,

Vidole vimepona? Hapa kwetu hakuna aliyelala kwa furaha. Nyimbo kumi, dakika hamsini na saba! Kagiri amesema hajabakiza nafasi ya kukohoa.

Jana alitupa nakala ya kwanza. Nilimwekea Mama upande B bila kusema neno. Alikuwa anakunja nguo. Uliposema Kavetsa, akasimama na shuka mkononi. Ulipofika kwa kuku wa mayai, akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara sita, Mjomba, mpaka betri zikachoka, na baiskeli hatukufika hata mara moja.

Asubuhi hii nilipotaja kumpa Ndeti barua hii, Mama alikataa. Amesema Ndeti huchelewesha, ataileta mwenyewe. Amevaa kitambaa chake kipya cha kichwa. Atakuambia ametumwa tu, kisha atasimama hapo akijifanya anaangalia viti.

Hakuna aliyemtuma, Mjomba. Acha kusoma, mpe kimoja akae.

Filister