Dawa Isiyojua Kuchagua

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu sote. Natumai hujambo, na kwamba siku hizi unakula umekaa kama watu, si kwa kusimama kando ya mashine zako. Mimi nipo, uchovu tu. Mtoto mdogo kaota jino na kaamua kulijaribu kwangu anaponyonya. Baba yao anakusalimu sana.

Barua yako imefika. Shule yangu unajua iliishia wapi, lakini nimekuelewa. Kile kimeng'enya kinachozisukuma seli za saratani zizaliane kina ndugu yake ndani ya mifupa, anayesaidia kutengeneza damu, na wawili hao wanafanana mno. Dawa yenu ikimkaba yule mbaya, inamkaba na mwema. Panya wenu walipona saratani, kisha wakafa kwa kukosa damu. Mkaiongezea dawa kipande kidogo ubavuni ili isimshike mwema, nayo ikagoma kumshika hata mbaya. Mwishoni ukaniomba nikupe muda, kwamba huji hadi uje nayo. Niliposoma hapo nilikaa sakafuni jikoni, sufuria ikaungua.

Mpwa wako, hata alipolazwa hospitali, bado ni Mama Maswali yuleyule. Muuguzi wa sindano alibatizwa naye jina la Nyuki, na muuguzi mwenyewe akawa kila akija wodini anavuma kwanza mlangoni. Siku moja alimuuliza daktari kama saratani nayo ina mama, na kama inaye, mbona haiiti irudi kwao. Daktari akajifanya anatafuta kalamu.

Wiki iliyopita daktari huyohuyo alituita chumba cha pembeni. Alisema ugonjwa umejigeuza, vidonge haviushiki tena, na kilichobaki ni dawa ya kumtulizia maumivu. Baba yake akauliza, na ile ya mjomba je? Akajibiwa kwa upole kwamba hata ikipatikana leo, itapita miaka kabla haijapewa mtoto. Wewe ulilijua hilo, kaka. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba na mimi sasa najua.

Tumemrudisha nyumbani. Analala katikati yetu, na godoro halibonyei upande wake.

Sasa nikwambie nililofanya, na baba yake bado hajui. Jana nikimwogesha nilimwambia ukweli, kwamba dawa ya mjomba haipo na haitamfikia. Nilijiandaa kwa kilio. Akalisukumasukuma povu kwa kidole, kisha akauliza kama basi mjomba sasa hana kazi, na kama anaweza kuja.

Kumbe muda wote huu alidhani dawa ndiyo iliyokuzuia. Nami nikaona hajakosea.

Nimemwambia nitakuuliza. Ndiyo nakuuliza, na tafadhali usinijibu kwa barua.

Wenzako wa maabara wape salamu zangu, uwaambie hatuna kinyongo nao.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
Mama Maswali mkubwa